Kwa Nini Hawakulazwa Pamoja

La Tinaja de Abajo,
9 Desemba 1991

Mpwa wangu mpendwa Otilia,

Pokea salamu zangu, wewe, mume wako na watoto, nazo ziwakute wazima. Natumaini mgongo wako umepoa na kwamba kule hotelini wamekupunguzia shuka za kufua kama walivyoahidi. Huku kwetu tunaendelea. Baridi imeingia mapema, mahindi yamevunwa, machache lakini yapo. Mimi mwenyewe sina la kulalamikia ila goti la kushoto, ambalo lilianza kunisumbua kabla hujazaliwa na sitarajii liache sasa. Mbuzi wawili wa mama yako wako kwa jirani, Petronila. Anasema wanakula kama wakwe na hawashukuru, lakini nimemwona akiwachania majani ya mpungate na kuyatoa miiba kwa mikono yake, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yao.

Uliponipigia simu dukani siku ya tatu baada ya mazishi, uliniambia mambo mawili. Kwanza uliomba daftari la mashairi ya baba yako. Ulisema nyumba tumpe tunayemtaka, wewe unataka daftari hilo tu. Kisha ukauliza kwa nini mama yako amezikwa kule chini, kando ya bibi yako, ilhali ubavuni pa baba yako palikuwa na nafasi iliyoachwa kwa ajili yake tangu mwaka wa themanini na tano. Nilikujibu kwamba ardhi ya pale ina mwamba na wachimbaji walishindwa.

Otilia, huo ulikuwa uongo. Ardhi ya pale ni laini kama unga. Duka lilikuwa limejaa watu, na wewe ulikuwa unalia, lakini kwa miaka arubaini darasani sikupokea visingizio vya aina hiyo kutoka kwa mtoto yeyote, na sitavitoa leo. Mambo yako mawili yana jibu moja, na jibu lenyewe haliwezi kusemwa kwa simu. Nivumilie basi nikianza mbali kidogo.

Baba yako alikuja kuposa mwaka wa arubaini na sita, ambao ulikuwa mwaka wa pili bila mvua. Unajua desturi yetu: upande wa mume huja na vikapu vya mikate mitamu, chokoleti, sukari, na chupa ya pombe kwa baba wa binti. Babu yako alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo niliyekaa katika kiti chake ni mimi, kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye cheti kipya cha ualimu na kola iliyopigwa pasi. Nazario akaingia na baba yake wa ubatizo. Mzee yule alibeba kikapu kimoja kilichofunikwa kitambaa safi, akakiweka mbele ya bibi yako. Kilikuwa kitupu. Akasema kwa sauti ya kujikaza, "Mama, kikapu kimekuja. Kilichomo atakisema kijana mwenyewe."

Nazario akasimama, akavua kofia. Mikono yake ilikuwa na mabaka ya utomvu wa mkonge wa porini, maana alianza kuukwangua nyuzi za kuuza akiwa na miaka saba. Akasema ubeti mmoja wa mishororo kumi kuhusu dada yangu akiteka maji. Bibi yako akajifuta macho kwa aproni. Mimi nilikuwa nahesabu mizani kwa vidole chini ya meza.

Walipoondoka nilimwambia mama yako kwamba mshororo wa pili ulikuwa na mizani saba badala ya nane. Alikuwa akifagia. Hakuacha kufagia. Akasema, "Kaka, wewe mizani zako zote nane zimetimia, na mke huna." Bibi yako alicheka mpaka akakaa chini. Posa ikakubaliwa.

Mambo ya baada ya hapo unayajua, lakini acha niyaandike, kwa sababu nataka yawepo mahali fulani yalivyokuwa. Malenga wakubwa wa pande zetu hupanda jukwaani, kila mmoja na fidla zake nyuma yake, wakajibizana mpaka kuche, na watu wakaamua nani amemshinda nani. Baba yako hakupanda jukwaa hata siku moja. Alisema jukwaa ni la wenye koo la chuma. Yeye alikuwa na ubeti mmoja kwa mwaka. Aliuanza mwezi wa nane, akiwa kazini, akiurudia kwa mdundo wa kisu juu ya ubao wa kukwangulia, na asubuhi ya tarehe kumi na saba Oktoba, siku ya Mtakatifu Eduviges, somo wa mama yako, alikunywa kahawa, akavua kofia palepale jikoni, akausema. Aliusema mara moja tu. Kuutunza ilikuwa kazi ya mama yako. Ulikuwa ukisimama pale na kikombe chako, kwa hiyo wewe unayajua kuliko mimi. Mimi asubuhi za Oktoba nilikuwa shuleni.

Wanawake wengine walipewa shali, sufuria, hereni. Mume wa Petronila alirudi kutoka kibarua cha kaskazini, ng'ambo ya mpaka, na cherehani mgongoni mwa punda, na Petronila akaja mpaka uani kwa mama yako kumwambia, "Mwenzangu, pole. Shairi halishoni gauni." Mama yako akamjibu, "Na hiyo cherehani yako, inakuita kwa jina?" Petronila mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

Mara nyingi nilijitolea kumfundisha mama yako kusoma. Alikataa. Alisema mwalimu wa ndani ya nyumba ni mkali kuliko nyoka wa ndani ya nyumba. Baba yako naye hakujua kusoma. Beti zote zilikaa katika kichwa cha mama yako, moja juu ya nyingine kama blanketi sandukuni.

Januari ya themanini na tano, mapafu ya baba yako yalipokuwa yamekwisha, aliniita. Alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika mpaka kidevuni. Akaniambia, "Shemeji, naondoka kama nilivyokuja kuposa, kikapu kitupu. Nyumba ni ya mke wangu, shamba ni la kijiji, hata punda ni wa kuazima. Mali yangu ni hizi beti. Eduviges anazo, lakini kichwa nacho huzeeka, na Otilia yuko mbali. Niandikie. Lakini usinikimbize, nina kikohozi."

Kwa wiki tatu nilikwenda kila alasiri. Alisema mbili, siku nyingine moja, nami nikaandika kwa penseli nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Zilikuwa beti thelathini na nane. Nyumbani nilizinakili kwa wino, kwa mwandiko wangu bora, katika daftari lenye jalada gumu. Baba yako alifariki tarehe mbili Machi. Siku ya tisa ya sala nilimkabidhi mama yako daftari. Akalibusu, akalifunga katika mfuko wa unga, akaliweka sandukuni. Nilimuuliza kama angependa nimsomee. Akasema, "Za nini? Ninazo."

Aliishi hivyo miaka mitatu, na ninaamini hakuwa mpweke.

Kisha kichwa kikaanza. Mwanzoni ilikuwa chumvi kutiwa mara mbili katika maharage. Baadaye akawa anawaita mbuzi kwa majina ya shangazi zako marehemu, na Petronila akasema afadhali mbuzi maana wanaitika. Tulicheka, yeye pamoja nasi. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa nane, mwaka wa themanini na nane, alikuja kwangu na mfuko wa unga chini ya shali. Hakukaa. Akasema, "Kaka, zinanitoka. Jana nimetafuta ile ya mwaka aliozaliwa Otilia, nimepekua kichwa chote, haipo. Nisomee, kabla hazijaondoka zote."

Nikamkalisha kitini. Nikavaa miwani, nikasimama, nikasoma kama ninavyosoma siku ya bendera. Ubeti wa kwanza alinitazama mdomo. Wa pili akakunja uso, nikadhani anajitahidi kukumbuka. Nikaruka mbele, nikatafuta nilioupenda kuliko zote, ambao unaanza hivi:

Nyayo zako marumaru
zakanyaga mawaridi,
hata mwezi hukusudi
kuzimulikia nuru.

Akaniwekea kiganja juu ya ukurasa. "Huyo ni nani?"

Nikamwambia ni yeye. "Mimi?" Akavua ndara, akainua mguu, akauweka juu ya kiti changu, mguu wake ule, Otilia, unaukumbuka. "Nionyeshe marumaru. Iko wapi?" Akavaa ndara yake taratibu, akatazama mlango. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepata hesabu baada ya miaka mingi, "Kumbe alikuwa na mtu."

Nikamwambia aache upuuzi, kwamba washairi husema hivyo. Nilisema maneno hayo tu: washairi husema hivyo. Akatikisa kichwa. "Nazario hakusema hivyo. Kwangu hakusema hivyo hata siku moja. Hizi alimwambia mwingine, mwenye miguu ya namna hiyo." Akakumbuka kwamba mnunuzi wa nyuzi kule mjini alikuwa na binti aliyevaa viatu vya visigino virefu, na kwamba baba yako alikuwa akishuka mjini kila Jumamosi na mafungu ya nyuzi. Alisahau chumvi na alisahau majina, lakini binti yule, ambaye nadhani baba yako hakupata kumwona uso, hakumsahau tena.

Tangu siku hiyo aligeuza picha ya baba yako ikatazama ukuta. Niliirudisha, aliigeuza tena. Siku ya Marehemu Wote alitandika meza ya kuwakaribisha marehemu kama kawaida, maua ya manjano, mishumaa, mkate, akaweka kikombe cha baba yetu na kikombe cha mama yetu. Cha Nazario hakukiweka. Petronila akamuuliza, "We Eduviges, marehemu amekukosea nini huko aliko?" Akajibu, "Akanywe kahawa kwa aliyekuwa anamtungia." Na akaniambia mimi, mbele ya Petronila, kwamba siku yake ikifika azikwe kwa mama yake. "Pale ubavuni pake mwachieni yule wa marumaru."

Sasa nimefika mahali ambapo nimeweka kalamu chini mara tatu tangu asubuhi.

Mashairi yaliyo katika daftari si ya baba yako. Niliyabadilisha mimi. Nilipokuwa nanakili ule wa kwanza, nilisahihisha mizani, jambo dogo. Wa pili nikasahihisha kina. Wa tatu kulikuwa na kupe wa mbuzi ndani yake, na nikajiuliza watoto wa Otilia watafikiri nini juu ya babu aliyetia kupe katika shairi la mapenzi. Nikamtoa. Baada ya huyo sikujizuia tena. Baba yako alimtungia mkewe moshi ulioingia katika nywele zake. Alimtungia malengelenge ya utomvu, sufuria ya kuazima, siku aliyopika mpungate mara saba katika wiki moja akaupa kila siku jina jipya la chakula ili mtoto acheke. Hayo yote niliyafuta nikatia waridi, lulu, theluji, vitu ambavyo havijapata kuota wala kuanguka hapa La Tinaja. Nilitumia kamusi. Nilifanya kazi hiyo kwa bidii na kwa furaha, na kati ya beti thelathini na nane sikuacha hata mmoja ukiwa mzima.

Nilijiambia kuwa namheshimu. Ukweli ni kwamba nilimwonea haya. Tangu siku ya kikapu kitupu nilimwonea haya mume wa dada yangu, nikadhani sasa nimepata njia ya kukijaza.

Kuna jambo moja zaidi. Kabla baba yako hajafa nilimsomea beti tatu. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Nzuri sana hizo zako, shemeji. Sasa nisomee zangu." Nikacheka. Nilidhani ni utani wake, kwamba ugonjwa haujamnyang'anya ucheshi. Nikawasimulia watu msibani, nao wakacheka pia. Hakuwa anatania. Alikuwa anaomba kitu chake, nami nilikuwa nimekwisha kukiteketeza, kwa sababu zile karatasi za penseli niliwashia jiko. Ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi siku zote: nakala safi ikikamilika, rasimu haina kazi.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia mama yako palepale, mguu wake ukiwa juu ya kiti changu. Nilisema washairi husema hivyo, na nikiisha kusema jambo sikuzoea kulirudi. Nilinyamaza miaka miwili. Mwaka jana, baada ya ile meza isiyo na kikombe cha tatu, nilishindwa. Nilikwenda asubuhi nikamwambia yote, nimesimama, kofia mkononi. Nilisema, "Eduviges, Nazario hakuwa na mtu. Maneno yale ni yangu. Nilikosea."

Alinitazama kwa huruma. Akacheka kidogo, akanipapasa mkono kama unavyompapasa mtoto. "Wewe? Macedonio Rangel akosee? Umeishi miaka sitini na tisa hujakosea hata tarehe. Leo ndio ukosee, kwa ajili ya Nazario?" Akasema ninamtetea kwa kuwa wanaume husitiriana. Nikaapa kwa roho ya mama yetu. Akafikiri, na kwa kitambo kidogo uso wake ukafunguka kama zamani. Akasema, "Haya. Kama ni kweli, niambie zilivyokuwa."

Otilia, sikuweza. Nilisimama pale nikatafuta. Niliandika beti zile kwa mkono wangu kutoka kinywani mwake, na sikuweza kumpa dada yangu mishororo miwili inayofuatana. Nilikumbuka kwamba ubeti wa mwaka wa hamsini na mbili ulipungukiwa mizani moja mwishoni. Nilikumbuka kwamba katika ule wa sitini na nne alirudia neno moja katika kina mara mbili. Makosa yake yote niliyakumbuka. Alichosema sikukikumbuka. Nilimtajia moshi, nikamtajia kupe, na mpungate wa siku saba. Akasikiliza, kisha uso ukafunga. "Hayo ni maisha yetu, kaka. Kila mtu hapa anayajua. Shairi liko wapi?"

Nilirudi mara nyingi baada ya hapo. Siku nyingine alikumbuka kwamba nimewahi kumwambia, siku nyingine hakukumbuka, ila hakuniamini siku zote mbili.

Alifariki tarehe kumi na mbili Novemba, saa nne asubuhi, ameketi uani, ungo wa maharage mapajani. Petronila alikuwa upande wa pili akimsemesha, akashangaa hajibiwi. Hakuteseka; kwa hilo moyo wako utulie.

Ningeweza kumzika ubavuni pa baba yako. Kaburi lilikwisha kupimwa, padri hakuwa na habari, na Petronila mwenyewe alinisihi: "Mwalimu, mlaze kwa mumewe, yalikuwa maneno ya mgonjwa." Lakini nilikuwa nimekwisha kubadilisha maneno ya marehemu mmoja. Sikuthubutu kubadilisha ya wa pili. Nikawaambia wachimbaji waende kule chini.

Siku ya tisa ya sala, watu walipoondoka, Petronila na mimi tulibaki jikoni kuosha masufuria. Aliniuliza tena sababu ya mimi kuwa mgumu kiasi kile, nikamwambia. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe. Akaweka sufuria chini. Akaniita mjinga mkubwa aliyevaa miwani, na mengine ambayo sitayaandika katika barua. Kisha akaniburuta kwa mkono wa shati mpaka kwenye ukuta unaotenganisha jiko la mama yako na lake. Ni ukuta wa mabua ya mahindi, Otilia. Unapitisha hata harufu ya kitunguu. "Unadhani kila Oktoba nilikuwa naziba masikio?" akasema. "Nilikuwa nachungulia! Kisha nakwenda kisimani kuwasimulia wenzangu, tunacheka mpaka ndoo zinajaa na kumwagika. Ile ya visigino ndiyo ilituua. Mwanamume mzima amemtungia mkewe visigino!" Hapohapo, mikono yake ikiwa bado na povu, akaisema, nusunusu, mpaka akakwama:

Visigino vyako vina
nyufa kama shamba kavu;
kwa dawa yangu ya mapafu
ulitembea mchana...

Katikati ameisahau. Mwisho anaukumbuka:

Viatu sina kukupa;
nina macho, nimeona.

Ulikuwa ubeti wa mwaka wa sabini na tisa, alipougua mara ya kwanza na mama yako akashuka mjini kwa miguu kumletea dawa, akarudi siku ileile. Ni uleule ambao mimi niliutia marumaru.

Petronila alilia, na mimi pia. Kisha akaniuliza jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Akasema, "Mwalimu, mbona hukuniuliza? Nilikuwa hapa. Miaka yote mitatu nilikuwa hapa, nyuma ya mabua. Ningemwambia Eduviges visigino vyake mwenyewe, angejijua."

Sikumuuliza kwa sababu Petronila hakumaliza darasa la pili. Hiyo ndiyo sababu, na nimeitafutia sura nyingine nzuri zaidi, haipo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumuuliza Petronila jambo lolote. Wala sikukuuliza wewe, uliyesimama katika jiko lile Oktoba baada ya Oktoba mpaka ukawa na miaka kumi na minane; ningekuuliza, ungejua nilichofanya. Ningeuliza hata mwezi mmoja tu kabla hajafa, mama yako angelala pale alipotaka kulala maisha yake yote.

Kesho yake tulishuka makaburini, Petronila na mimi na goti langu. Nilikuwa nimeiandika mishororo ile sita kwa penseli, kama alivyoitamka. Wa tatu umezidi mizani moja, na kina chake hakikutimia. Sikuigusa. Nikasimama mbele ya mama yako nikaanza kusoma, na Petronila akanikatiza: "Siyo hivyo, unahutubia bendera. Yeye alikuwa anasema tu, kama mtu anayeomba chumvi." Nikaisema hivyo. Nikairudia mara kadhaa, mpaka Petronila akasema sasa inafanana kidogo.

Ninakutumia daftari kwa sababu ni haki yako na uliliomba. Lisome ukijua kwamba aliyemo ni mjomba wako. Baba yako hayumo. Ndani ya jalada nimeweka karatasi ya penseli, na hiyo ndiyo urithi wako hasa. Nakuomba ukae, siku watoto wakiwa shuleni, uandike chochote ulichosikia ukiwa na kikombe chako pale jikoni. Ukikumbuka neno moja, andika hilo moja. Ukikumbuka mshororo unaochechemea, uache uchecheme. Usiupange, Otilia, nakusihi. Nitaupeleka kule chini kama ulivyo.

Kuhusu kaburi, sheria ya hapa inaruhusu mifupa kuhamishwa baada ya miaka saba. Huenda nitakuwepo, huenda sitakuwepo. Uamuzi huo ni wako, baada ya kufikiri juu ya neno la mama yako na juu ya hili nililokuandikia. Mimi sitaamua kitu kingine kwa niaba ya watu hawa wawili.

Najua ukivuka mpaka kuja huku bila vibali huenda usiweze kurudi kwa watoto wako, kwa hiyo sikuombi uje. Wala sikuombi unisamehe katika barua ya kwanza. Niandikie tu, hata kama ni kunigombeza. Mwandiko wako ulikuwa mzuri tangu darasa la tatu, na ningependa kuuona.

Msalimie mume wako, na watoto uwabusu kila mmoja kwa jina lake. Petronila anakusalimu sana. Anasema mbuzi mdogo ana mimba, na kwamba ukiwa na picha ya watoto umtumie, si kupitia kwangu, bali kwa jina lake mwenyewe, atajua nani wa kumsomea utakayoandika. Mungu awalinde katika baridi hiyo ya ugenini.

Nakuaga kwa huzuni na kwa upendo,

Mjomba wako,
Macedonio Rangel